Glasi Zilizopinduliwa Mbele ya Arden

Changizo la kumtoa mdogo wangu Arden kwenye pombe tulilifanyia baa. Cheka, ukimaliza tuendelee. Torvik, mji wetu, hatuna ukumbi mwingine. Kanisa lina chumba cha chini chenye jiko bovu, na shule ninayopikia mimi haikodishwi Jumapili. Kwa Kostka, ndiyo baa yenyewe, kuna meza, kuna makaango makubwa ya samaki, na njia ya kufika kila mtu anaijua hata akifumba macho. Mtu wa huku akipata saratani, changizo ni kwa Kostka. Ghala la mtu likiungua, kwa Kostka. Basi na Arden Zuelke naye, kwa Kostka.

Bango nililiandika mwenyewe: samaki wa kukaanga, saladi ya viazi, bahati nasibu ya kushindania vipande vya nyama, yote kwa ajili ya matibabu ya Arden. Matibabu ya nini, sikuandika. Walijua wote, na hakuna aliyelitaja. Kama angekuwa na uvimbe kichwani wangeuulizia ukubwa wake mbele ya watoto, lakini huu ugonjwa wake waliuita "ile hali".

Ile hali ilianza na ng'ombe. Arden alikuwa mfugaji wa maziwa, kama baba yetu, kama babu. Mwaka juzi majira ya kuchipua bei ya maziwa ilishuka hadi ikawa kila ndoo anayokamua inamtia hasara, akauza ng'ombe wote kwa siku moja, na benki ikazoa chake. Ng'ombe wakaenda, mazoea yakabaki. Aliendelea kuamka alfajiri na kwenda bandani. Nilimkuta huko mara moja, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio imewashwa. Ng'ombe wake walikuwa hawatoi maziwa vizuri bila redio.

"Unamwashia nani?" nilimuuliza.

"Hakuna," alisema. "Nimeshindwa tu kuizima, dada."

Brandi ilikuwa pale sakafuni pembeni yake, kwenye kikombe cha kahawa. Chupa nilizokuta nilizimwaga kwenye sinki lake huku namtukana, yeye akiniangalia bila kuniambia kitu. Heri angenitukana na yeye.

Kisha Novemba, siku chache kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, alikuja kwangu na bunduki yake ameizungushia blanketi. "Nitunzie," alisema. "Mwaka huu siendi msituni." Kwetu mwanamume huahirisha harusi ya binti yake kwa ajili ya ule msimu. Sikumuuliza swali. Niliifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni, na kesho yake nikaanza kupiga simu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwetu mgonjwa huulizwa bima, na akiwa hana, huo uji ausikie kwa jirani. Arden hana. Mimi ninayo ya shule, inanilipia hadi meno, lakini ndugu hayumo. Nikapiga ofisi ya bima ya serikali, ile ya watu wasiojiweza.

"Mwaka ule alikuwa na kipato kikubwa sana, mama," akaniambia mtu wa huko.

"Kipato gani? Aliuza ng'ombe. Pesa zilikwenda benki hata hakuzishika."

"Kwenye mfumo ni kipato."

"Basi uambie mfumo uje ukae naye bandani."

Akakata. Nikapiga zahanati ya magonjwa ya akili. Walinisikiliza vizuri, nisiwasingizie. Wakasema ndiyo, hiyo ni sonona, tena imekomaa, lakini kwa kuwa anakunywa hawawezi kumwona mpaka amalize matibabu ya pombe. Nikapiga nyumba ya matibabu ya pombe. Hao hupokea hata asiye na bima, unalipa unachoweza, unakaa mwezi mzima. Nilikaribia kulia kwa furaha. Ila hawamchukui mtu kutoka nyumbani. Lazima apitie kwanza wodi ya kutolea pombe mwilini kwenye hospitali ya makao makuu ya kaunti, na vitanda vya wodi hiyo vinahesabika kwa vidole. Nikapiga wodini. "Vimejaa, mama. Piga kila asubuhi."

Nikapiga kila asubuhi. Nilipiga simu imebanwa begani, mikono ikikoroga makaroni ya watoto mia mbili. Unasubirishwa, wanakupigia muziki, kinanda kilekile kama cha msibani. Watoto wa darasa la pili waliushika ule wimbo kupitia dirisha la kugawia chakula wakawa wanauimba kwenye foleni. Mwalimu mkuu akaniita kuniuliza ni dhehebu gani lile. Na kila asubuhi ni yuleyule binti, Brenna, ana sauti ya upole kiasi kwamba hata kumgombeza unaona aibu. Vimejaa, mama. Vimejaa, mama.

Januari ilipoanza, Arden akaacha pombe mwenyewe. Alichoka, nadhani, au alinionea huruma. Hospitali walikuwa wameniambia mnywaji wa kiwango chake asiache ghafla bila daktari, maana anaweza kufa kwa degedege. Daktari yuko wapi, hawakuniambia. Nikapiga simu ya dharura, wakamchukua, wakamtundikia dripu, na alipotulia wakamrudisha nyumbani pamoja na bili. Wodi ya pombe? Imejaa. Nikahamia kwake. Alitetemeka kijiko kikashindwa kufika mdomoni, alitoa jasho hadi godoro tukalitupa, akaita majina ya ng'ombe mmoja mmoja. Lakini hakunywa. Wiki ikapita na ushei, na ile Jumapili ya changizo aliingia kwa Kostka amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, macho meupe.

Sasa nikuambie desturi moja ya baa zetu. Mtu akikununulia kinywaji na wewe bado hujamaliza ulicho nacho, mwenye baa anakuwekea mbele yako glasi ndogo ameipindua kichwa chini. Maana yake una cha kwako kinakungoja, kimeshalipiwa. Arden alikaa kaunta na soda yake. Wakaja watu. Watu wanaompenda, hilo siwezi kulipinga, waliosoma naye, waliomsaidia kuvuna mahindi. Hawajui kumwambia mwanamume mwenzao "pole". Wanajua kununua.

"Leroy! Mpe Arden kimoja, nalipa mimi!"

"Anakunywa soda," anasema Leroy Kostka, mwenye baa.

"Si umwekee tu! Atakunywa akipona!"

Na Leroy anapindua glasi. Mpaka nyama ya kwanza inashindaniwa, mbele ya mdogo wangu kulikuwa na safu ya glasi zilizopinduliwa kutoka kiwiko hadi kiwiko. Nilitamani nizifagie zote kwa mkono. Arden alizitazama, akanitazama, akacheka. "Dada, sijawahi kuwa tajiri hivi. Usiwaambie watu wa bima."

Hapo ndipo simu yangu ikalia. Brenna.

"Mama, kitanda kimepatikana. Mlete kabla ya saa kumi na mbili jioni."

Nilipiga ukelele hadi aliyekuwa anazungusha gurudumu la bahati nasibu akalisimamisha.

"Mara ya mwisho amekunywa lini?" akauliza.

"Ana wiki na ushei hajagusa!" nilisema kwa majivuno.

Akasema, "Aa. Basi, mama... hiki ni kitanda cha kumtoa mtu pombe mwilini. Yeye hana ya kutolewa."

"Mliniambia nipige kila asubuhi!"

"Alipokuwa anakunywa."

"Alipokuwa anakunywa hamkuwa na kitanda!"

"Najua, mama."

"Na bila wodi yenu hawamchukui kule kwenye matibabu ya mwezi mmoja. Na bila mwezi ule hawamtibu sonona. Sasa niambie wewe, binti yangu, huyu mtu aingilie wapi? Dirishani?"

Brenna akashusha sauti. "Mlangoni wanampulizisha kipima pombe. Kikisoma, anaingia. Kisiposoma, napigia anayefuata. Mimi sijakwambia kitu." Akakata.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilisimama pale na simu mkononi, mimi niliyemwaga brandi ya watu kwenye sinki, nikaiendea kaunta, nikaichukua glasi moja katika ile safu, nikaigeuza ikae sawa.

"Leroy. Mimina brandi."

"Marlys, umechanganyikiwa?"

"Mimina!"

Nikamweleza Arden. Alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa.

"Sinywi," akasema.

"Kimoja tu. Kimoja, Arden, wakuchukue. Nakuomba."

"Dada, nikinywa hicho nitakunywa na zote hizi." Alionyesha safu kwa kidevu. "Nitazimaliza, halafu nitadai nyingine. Unanijua."

"Na usipoingia leo? Utarudi bandani kuwasha redio?"

Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilimkasirikia Brenna, na Kostka, na bei ya maziwa, na baba yetu aliyetufundisha kwamba kulia ni kwa ndama. Nikaanza kulia mbele ya mji mzima.

Arden alinisogezea kitambaa cha mezani. Akaichukua ile glasi iliyojaa, akainusa, akaiweka mbali na uso wake.

"Hicho kidude chao kinanusa mdomo," alisema taratibu. "Hakinusi tumbo. Si ndiyo? Leroy, nifunikie hii."

Leroy aliifunika kwa nailoni iliyotolewa kwenye bakuli la saladi ya viazi, akaikaza kwa kamba ya mpira. "Nimeuza pombe maisha yangu yote," alisema, "sijawahi kumfungia mtu ya kwenda nayo hospitali. Na hizi nyingine?"

"Warudishie wenyewe. Waambie nimeshukuru."

Tukaondoka. Ni mwendo wa karibu saa nzima, theluji imeganda barabarani, na pombe iliyofunguliwa ndani ya gari ni kosa la kisheria huku kwetu. Mimi ambaye sijawahi kuandikiwa hata faini ya maegesho nilikuwa naendesha kama jambazi. Nilitaka glasi niiweke sakafuni nyuma. Akakataa, itamwagika. Akaishika mwenyewe, kwa mikono miwili, juu ya magoti. Harufu ilipenya nailoni ikajaa kwenye pikapu. Tukateremsha vioo, baridi ikatuchapa.

"Ongea," aliniambia. "Ongea chochote."

"Nimwongelee nani?"

"Msengenye mtu."

Nikamsengenya mwalimu mkuu, nikamsengenya mke wa Kostka na nywele zake, nikamsengenya shangazi yetu aliyekufa. Nilipoishiwa, akaanza yeye.

"Unajua kinachoniuma, dada? Siku ile lori lilipowachukua ng'ombe, walipanda wenyewe. Hawakusukumwa. Walidhani nawapeleka malishoni." Aliikaza glasi juu ya magoti, brandi ikacheza chini ya nailoni. "Sijamwambia mtu."

"Utawaambia huko."

"Wakinipokea."

Sikuthubutu kumtazama tena. Nilitazama barabara na kuomba kimoyomoyo, maombi yenye matusi ndani yake.

Tulipofika mlango wa wodi kulikuwa bado na mwanga kidogo. Arden alishuka, akaivua nailoni, akaitia brandi yote mdomoni. Akasukutua. Macho yalimtoka machozi, mishipa ya shingo ikasimama, na mimi niliushika ule ufunguo wa kabati shingoni kwangu nikisema tema, tema, tema. Akaitema yote kwenye theluji. Akanipa glasi tupu, akajifuta kwa mkono wa shati lililopigwa pasi.

Nesi aliyetufungulia alikuwa mama wa makamo, amechoka, miwani imekaa puani. Alimpa kidude, Arden akapuliza. Kikalia. Nesi akasoma, akatikisa kichwa.

"Jamani, baba," alisema. "Hata siku moja tu? Hata siku ya kuja hospitali umeshindwa kujizuia?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na ya kusema, wallahi, nilikuwa nayo tangu Novemba. Arden akanishika mkono, akaubana.

"Nimeshindwa, nesi," alisema.

"Haya. Ingia."