Ndoo Moja ya Maji

Mume wangu alijenga mabwawa madogo ya udongo kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kufukia msingi bila kuyauliza maji kwanza. Wachimbaji walipomwambia wamefika kwenye udongo mgumu, alishuka kwenye handaki la msingi, akamimina ndoo moja ya maji, akaketi. Maji yakitulia, alisema, "Fukieni." Yakizama, "Chimbeni."

Walimcheka. "Fundi anaoga tena!"

"Udongo mkavu ni mwongo, jamani. Kiangazi hata mchanga hujifanya mwamba."

Nayaandika haya kwa sababu wengi walimjua kwa jina jingine: Chujio.

Bwawa lake la mwisho alilijenga na mdogo wake. Siku ya kufukia handaki, mume wangu alikuwa kitandani, homa imembana. Shemeji alichungulia dirishani, vumbi hadi kwenye kope.

"Kaka, tumefika chini. Sururu inalia kama imegonga chuma."

"Umemimina?"

"Nimemimina."

Mume wangu alifumba macho. "Basi fukieni."

Maji ya mvua za mwaka wa pili yalipita chini ya tuta la bwawa. Hayakufurika juu. Yalilila tuta kutoka miguuni, hata likaketi kama ng'ombe mgonjwa. Hakufa mtu, lakini mashamba ya bondeni yalisombwa yote. Kwenye kikao cha kijiji mume wangu alisimama kabla hajaitwa.

"Msingi ulikuwa wangu."

"Bwawa gani hili, Fundi? Umetujengea chujio!" mtu mmoja alipaza sauti.

Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likamganda.

Nyumbani nilimuuliza kama mdogo wake alimimina kweli. Akanijibu, "Mama watoto, fundi ni yule aliyesema fukieni." Hatukulizungumza tena.

Hakuna aliyemwita kazini baada ya hapo. Alishinda akikarabati uzio uliokuwa mzima. Wanangu walirudi kutoka shuleni wakilia. Niliwanawisha nyuso, nikapiga pasi sare zao, nikawaambia watembee wima. Mimi sikulia mbele ya mtu. Miaka sita baadaye nilimzika, na pale pale makaburini nikamsikia mtu akinong'ona, "Leo Chujio naye anafukiwa."

Mwaka jana walianza kuchimba upya mahali pale pale. Nilikwenda kutazama. Fundi mpya alisema wamefika kwenye udongo mgumu, wafukie. Shemeji, ambaye sasa ana mvi, aliteremka na ndoo, akamimina. Maji yalizama kabla hajanyoosha mgongo.

"Hapa ndipo tulipokomea," alisema, watu wote wakimsikia. "Kaka aliniuliza kama nimemimina. Nikasema ndiyo. Kisima kilikuwa mbali, nami nilikuwa nimechoka."

Mtu mmoja akaropoka, "Kumbe Chujio ni wewe!"

"Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Aliinua uso akanitafuta. "Shemeji, nisamehe. Nenda ukawaambie watoto. Andika, ukitaka."

Kwa miaka mingi nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia siku hiyo, na mengine yalikuwa makali.

"Panda juu," nilimwambia. "Utateleza."

Walichimba mita moja na nusu zaidi, wakakuta udongo wa mfinyanzi. Ndoo ikamiminwa, maji yakatulia. Tulisimama ukingoni tukiyatazama, kila mtu akimsubiri mwenzake. Wa kusema "fukieni" hakuwepo.