Nani Alifuta Mstari wa 290?

CAXIAS DO SUL, Brazili – Saa moja na robo asubuhi, Neiva Zanrosso anapitisha kidole gumba juu ya sahani ya chuma iliyotoka mashineni sasa hivi. Chuma kingali na joto. Kidole kinatoka ukingoni, kinakwenda polepole, kinafika katikati na kusimama.

"Kuna chunusi," anasema.

Jicho halioni kitu. Ukipapasa unaipata: kinundu kama kichwa cha pini, katikati kabisa ya sahani, pale ambapo kisu cha mashine kilipaswa kumalizia kazi.

Neiva hagusi vitufe vya kompyuta. Anafungua mlango wa mashine, analegeza skrubu mbili, anapenyeza kipande cha bati chembamba chini ya kisu na kukaza tena. Anafunga chuma kingine na kubonyeza kitufe cha kijani. Baada ya dakika sita sahani ya pili inatoka, laini hadi kitovuni.

"Programu haikuwa na kosa. Kisu kilikaa chini kidogo, kikapita chini ya kitovu, kikaacha nyama," anasema. "Watu wakiona kosa wanakimbilia kwenye kioo kubadilisha namba. Kiulize chuma kwanza. Chuma hakidanganyi, ofisi ndiyo inadanganya."

Nyuma yake, juu ya kreti ya boliti, ameketi Jocemar Padilha, miaka arobaini na mmoja. Kwa mkono wa kushoto anamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, chai chungu ya majani inayonywewa na kila mtu huku. Nusu inaingia, nusu inamwagika kwenye kiatu.

"Dada Neiva, mkono huu wa kushoto unamimina kama mlevi."

"Uache basi, nitamimina mwenyewe."

"Na mimi nitafanya nini? Niangalie ukuta?"

Mkono wake wa kulia umelala mapajani. Vidole vitatu havikunji. Kiwiko kina chuma ndani, na wala si kile alichokizoea.

Habari hii ni ya mkono huo, na ya watu wanaotaka kusema kwamba uliharibika kwa uzembe wa mwenyewe.

Kwa miaka ishirini na sita Neiva alifanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza trela, upande wa pili wa mji. Aliingia akiwa na miaka kumi na saba, akitokea kwenye mizabibu ya wazazi wake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia maranda ya chuma. Fundi mmoja mzee, Egon, alimfundisha kukereza kwa mikono. Mashine za kompyuta zilipokuja, mafundi wengi waliziogopa. Yeye alikaa nazo.

"Nilikuwa sina cheti. Nilikuwa na masikio," anasema. "Kisu kikilia vibaya, najua ni mstari gani."

Kwa miaka kumi na minne ya mwisho aliandika programu zote za ukumbi wa pili. Programu ni orodha ya amri: kisu kiende wapi, kwa mwendo gani, kirudi wapi. Kila mstari una namba yake. Neiva huhesabu kwa makumi: kumi, ishirini, thelathini. Egon alimfundisha hivyo, ili ukikumbuka jambo baadaye upate nafasi ya kulichomeka katikati.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo vijana wa ofisini waliicheka. Kuielewa kunahitaji kujua jambo moja kuhusu mashine hizi.

Kisu kikikata ukingoni mwa sahani, sahani inazunguka polepole. Kisu kikisogea kuelekea katikati, mashine inaongeza mwendo yenyewe, ili chuma kiendelee kupita mbele ya kisu kwa kasi ileile. Ni jambo zuri. Lakini mashine haina woga. Kisu kikikaribia kitovu, hesabu yake inadai mwendo usio na mwisho, nayo inajitahidi kutii. Ndiyo maana mwandishi wa programu huweka kikomo: mzunguko usizidi kiasi fulani kwa dakika. Kwa sahani za kufunikia ekseli, zenye uzito wa kilo kumi na moja, Neiva aliweka mizunguko mia tisa.

Wengi wanaandika kikomo hicho mara moja, juu ya programu, basi. Neiva alikiandika mara tano. Juu, kisha tena kila mashine inapobadilisha kisu.

"Kwa sababu nawajua watu wangu," anasema. "Umeme ukikatika, mashine inasahau kikomo. Ukiiwasha lazima ikisome upya. Na hakuna mtu pale anayeanza programu upya kutoka juu. Ukianza juu, kisu kinakata hewa dakika sita, na msimamizi anasimama mgongoni na saa yake. Kila mtu anaanzia kisu alichofikia. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyetufundisha! Basi nikasema, sawa, popote atakapoanzia, kikomo atakikuta."

Mwaka jana ofisi ilileta mhandisi, Tibério, na kampeni iliyoitwa "programu safi". Tibério alipitia programu zote kwenye kompyuta yake, bila kushuka ukumbini hata siku moja. Aliona mstari uleule umerudiwa mara tano. Akaacha wa juu, akafuta minne.

Hakumuuliza aliyeandika. Hakuuliza hata kwa nini mtu mwenye akili zake arudie jambo mara tano. Alipewa pongezi kwenye ubao wa matangazo, na picha.

Machi mwaka huu, saa tisa alasiri, umeme ulikatika kwa dakika nne. Jocemar alikuwa kwenye mashine namba nne, amemaliza kisu cha pili. Umeme uliporudi aliwasha mashine, akahakikisha taya za mashine zimekamata sahani, akaanzia kisu cha tatu. Alifanya kile ambacho yeye na wenzake wote walikifanya kila wiki.

"Ilianza vizuri," anasema Jocemar. "Halafu sauti ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda. Nikajua hii si sauti ya mia tisa. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe chekundu."

Hakukifikia. Mashine ilikuwa inakwenda mizunguko elfu tatu na mia tano. Kwa mwendo huo taya zenyewe hutanuka na kulegea. Sahani ilichomoka, ikavunja dirisha la mlango na kupiga kiwiko.

"Nilikuwa mezani kwangu," anasema Neiva. "Nilisikia ile sauti ikipanda, nikasimama. Nilikuwa bado nainuka iliposikika sauti ya pili, ya kioo kuvunjika."

Siku tisa baadaye, Jocemar akiwa bado hospitali, barua ilifika kwa mkewe. Amefukuzwa kazi kwa kosa lake mwenyewe: kuanzisha programu katikati, kinyume cha maelekezo. Anayefukuzwa kwa kosa haondoki na kitu. Mtu wa chama cha wafanyakazi alipoomba kuona maelekezo hayo, hakukuwa na karatasi wala tangazo.

Ndipo Neiva alipoitwa ofisini. Meneja alimkaribisha kiti, akamimina mate kwa mkono wake mwenyewe, akamwita "Neiva wetu". Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya kusaini. Ilisema kwamba yeye, mwandishi wa programu, alimwonya Jocemar kwa mdomo mara kadhaa asianzie katikati.

"Nikamwambia, sijamwonya. Mimi mwenyewe naanzia katikati. Akacheka. Akasema, 'Neiva, ni karatasi tu.' Nikamwambia, kama ni karatasi tu, saini wewe."

Meneja akageuza sauti. Akaitoa programu ya mashine namba nne iliyochapwa. Juu kabisa, kwenye mstari wa jina, palikuwa na herufi N na Z. Tibério alifuta vikomo vinne lakini hakufuta jina la aliyeiandika. Kwa hiyo, meneja akasema, programu isiyo na kinga ni ya Neiva. Asipomwangushia Jocemar lawama, zitamwangukia yeye.

Neiva alimaliza mate yake. Akarudisha kibuyu na kusema asante, na Caxias mzima unajua kwamba ukirudisha kibuyu na asante, umemaliza, usimiminiwe tena. Wiki tatu baadaye alipewa barua yake.

Sasa yuko hapa, katika karakana ya Darci Bortolas, kwenye mashine moja kuukuu. Kule alipata reais elfu nne na mia tisa kwa mwezi. Hapa anapata nusu yake na kidogo, na Darci anaona haya kila anapomlipa.

Katikati ya mazungumzo simu ya Neiva inaita. Anaiweka juu ya mashine, sauti wazi. Ni mmoja wa wenzake wa zamani. Anaongea kwa kunong'ona, na ni wazi amejificha chooni.

"Dada, namba mbili inatetemeka. Chuma kinatoka na mawimbi kama bati la paa."

"Kisu cha ngapi?"

"Cha nne. Kile kirefu cha ndani."

"Umekitoa kiasi gani nje ya kishikizo?"

Inasikika sauti ya maji ya choo.

"Wee! Nimekuuliza."

"Vidole vinne."

"Vidole vinne! Unachoma mishikaki? Kirudishe viwili. Halafu punguza mwendo, usiongeze. Na angalia kama kikomo kipo."

"Kipo juu."

"Juu tu?"

"Juu tu, dada."

Neiva anafumba macho. "Basi umeme ukikatika, anza kutoka juu. Msimamizi akipiga kelele, mwambie aje anipigie mimi. Umesikia?"

Anakata simu.

"Miezi minne," anasema. "Mtu amepoteza mkono, na mpaka leo hawajairudisha ile mistari. Wakiirudisha watakuwa wamekiri. Kwa hiyo wanaiacha! Wanaacha watu wasimame mbele ya vile vyuma ili kesi yao ipendeze!"

Kwa nini anawasaidia bado, watu wa kiwanda kilichomfukuza?

"Hivyo viwiko ni vya kiwanda?" anajibu.

Gazeti hili lilikiuliza kiwanda kama mistari hiyo imerudishwa. Jibu lilikuwa barua yenye sentensi moja: suala liko mahakamani.

Kweli liko huko. Alhamisi hii, saa nane mchana, mahakama ya kazi itasikiliza shauri la Jocemar. Akishindwa, anabaki mtu aliyejivunja mwenyewe: hana malipo ya kuachishwa, hana fidia ya mkono, na hakuna kiwanda mjini kitakachomwajiri, kwa sababu barua ile inamtangulia kila mlango. Ana watoto wawili. Mkewe anashona viatu vya watu nyumbani.

Ushahidi mkubwa wa kiwanda ni ile programu iliyochapwa, yenye N na Z juu. Waliiwasilisha wenyewe, ina muhuri wa mahakama. Mwanasheria wa Jocemar aliisoma, hakuona kitu. Akampa Neiva nakala wiki mbili zilizopita, bila matumaini.

Neiva anaitoa sasa kwenye droo ya vipimo, ndani ya mfuko wa nailoni, na kuitandaza juu ya benchi.

"Soma namba tu. Usisome kingine. Soma namba za pembeni."

Kumi, ishirini, thelathini. Kwenye thelathini kuna kikomo. Arobaini, hamsini, kwa makumi, bila kuruka, mpaka 150. Baada ya 150 inakuja 170.

Kidole gumba, kilekile kilichoipata chunusi, kinasimama hapo.

"Mia moja sitini iko wapi?"

Kinashuka. 280, kisha 300. Kinashuka. 400, kisha 420. Tena: 510, kisha 530. Mistari sitini, mapengo manne, na kila pengo liko pale mashine inapobadilisha kisu. Hakuna pengo jingine popote.

"Hakujua zile namba ni za nini," anasema. "Alifuta mistari, akaacha mashimo. Miaka kumi na minne ya programu zangu iko kwenye mashine zile. Hakimu achague yoyote ambayo yule bwana hakuigusa. Atafute shimo moja. Akilipata, nitasaini karatasi yao palepale."

Je, haogopi kwamba kiwanda kitalisoma hili gazetini na kujiandaa?

"Andika. Andika kwa herufi kubwa. Karatasi ina muhuri, wataijaza na nini?"

Jocemar ameinama juu ya benchi. Ameiona karatasi hiyo mara nyingi, lakini kidole chake cha kushoto kinatafuta pengo la pili, lililo kati ya 280 na 300. Hapo ndipo alipoanzia siku ile.

"Ningekikuta," anasema.

"Ungekikuta, mdogo wangu."

Neiva hataki kurudi kwenye kiti chake cha kiwandani. Anasema hivyo mara mbili. Anataka barua ya Jocemar ifutwe, mkono ulipwe, na mistari minne irudishwe kwenye kila mashine ya ukumbi wa pili kabla umeme haujakatika tena. Alhamisi atakwenda na nakala, kalamu nyekundu, na sahani moja ya kilo kumi na moja, ili hakimu aibebe kidogo mikononi kabla ya kuamua.

Kuna kazi inamsubiri, programu mpya ya flanji, zile pete za kuungia mabomba, za mteja wa Darci. Anavuta kiti, anaanza kuandika, midomo ikitaja namba. Kwenye thelathini anaweka kikomo. Anafika kisu cha pili.

Jocemar anachungulia begani kwake. "Dada, umeshaandika hicho huko juu. Marudio hayo. Watakufuta."

"Waje."

Anabonyeza. Mia moja hamsini. Mia moja sitini. Mia moja sabini.