Besi Fupi ya Kibiriti

Watu walimwita Kibiriti kwa sababu mbili: alikuwa mdogo wa umbo, na ukimgusa vibaya anawaka. Alikuwa mshonaji, mwenye cherehani mbili na meza moja ya kukatia iliyojaa chaki na mapande ya kitambaa, na kwa miaka tisa alikuwa pia mpiga gitaa la besi wa bendi ya mtaa wao. Usicheke. Bendi isiyo na besi ni kama gauni lisilo na bitana, kwa mbali linapendeza lakini mwilini halikai. Kibiriti alilijua hilo, na kama kuna aliyekuwa halijui, alimwambia.

Besi yenyewe ilikuwa mali ya bendi, nzito, shingo ndefu kama mwiko wa jiko la shule. Vidole vya Kibiriti ni vifupi. Kuifikia noti ya chini kabisa ilimbidi anyooshe mkono mpaka bega lilie, na kila baada ya harusi alirudi nyumbani akaloweka kiwiko na kifundo cha mkono katika maji ya moto yenye chumvi. Hakulalamika sana. Mpiga besi mwingine hakuwepo, na mtu huvumilia mengi kwenye kiti ambacho hakuna anayekigombea.

Kisha kaka yake akaoa.

Wifi alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini, na Kibiriti aliviona vidole vyake virefu kabla hajauangalia uso. Kibiriti mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Wifi, siku moja njoo nikufundishe besi," akimkaribisha kama mtu anavyokaribisha mgeni mezani huku akiomba ajibu kuwa ameshiba. Wifi hakuwa ameshiba. Alikuja Alhamisi ile, akaja na iliyofuata, na kila Alhamisi kwa miezi minane alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akauliza, akasikiliza, akarudia. Mambo yaliyomchukua Kibiriti mwaka mzima yeye aliyamaliza kwa mwezi. Halafu kaka akamnunulia mkewe besi mpya, ndefu, nyekundu inayong'aa, na wifi akaanza kuja nayo mazoezini. Kaka yule yule ambaye tangu azaliwe hajawahi kumnunulia dada yake hata sindano ya cherehani!

"Hongera, wifi," alisema Kibiriti, na roho ilimuuma kama jino bovu.

Angeweza kuishi na jino hilo kama si Mwalimu. Mwalimu ndiye kiongozi wa bendi, mstaafu aliyefundisha hesabu, na kwake kila jambo lazima lithibitishwe. Siku moja baada ya mazoezi alitangaza kwamba bendi itaingia studio kwa mara ya kwanza.

"Tutarekodi nyimbo nne, Jumatatu, wiki tatu kutoka leo," alisema. "Wapiga besi tunao wawili na nafasi ni moja. Basi Jumamosi ya kabla yake, saa kumi jioni, kila mmoja atapiga wimbo uleule hapa ukumbini, na wenzao wataamua."

Kibiriti alifika nyumbani akiwaka. Mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache na utani mwingi, alikuwa akinoa patasi.

"Miaka tisa nimelibeba lile gogo," alisema Kibiriti, "leo ati tupimwe, mimi na mwanafunzi wangu! Shukrani ya punda ni mateke."

"Teke gani amekupiga?"

"Anapiga vizuri!"

Mumewe aliijaribu patasi kwa kidole gumba. "Hilo kweli ni teke," alisema.

Sasa, kwa muuza mitumba wa vyombo vya umeme, katikati ya pasi na feni zisizo na mabawa, kulikuwa na besi fupi. Kibiriti alikuwa ameipita mara nyingi, akiitamani na kuidharau kwa pamoja, maana ilikuwa rangi ya matope, mbao za tabaka, nyuzi zimeota kutu. Kesho yake aliingia, akavua futi yake shingoni, akaupima uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi unapotua tumboni mwa gitaa. Inchi thelathini. Ile ya bendi alishaipima: thelathini na nne. Gauni likipungua inchi nne kuna ugomvi na mteja, lakini hapa inchi nne zilikuwa mkono mzima. Aliishika. Vidole vikafika kila mahali, hata kule chini, bila bega kusema neno. Muuza mitumba aliomba bei ndogo, akashangaa haikupunguzwa.

Ile ya bendi aliirudisha kwa Mwalimu, naye akaiuza kulipia studio. Zikaanza wiki za ufundi. Alimtumia wifi ujumbe: *Alhamisi usije, nina sare nyingi za shule.* Sare zilikuwepo, ila zilikaa kwenye rafu zikisubiri. Kibiriti alikwangua rangi ya nyuma ya shingo kwa msasa wa mumewe mpaka mti ukawa laini kama kitasa cha mlango wa zamani. Vile vyuma vya shingoni vilikuwa na ncha zinazokwaruza kidole, akazipiga tupa moja moja. Nyuzi zilikaa juu mno, akazishusha kwa bisibisi. Vigingi vya kukazia nyuzi vilikuwa vigumu, akavipa mafuta ya cherehani. Ndani ya tumbo, mahali waya za umeme zinapopita, alibandika karatasi ya fedha ya jikoni ili kuondoa ule mlio wa nyuki. Chini ya nyuzi, karibu na mwisho wake, akasukuma kipande cha sponji ya mabega ya koti, na sauti iliyokuwa ikitangatanga ikatulia, ikawa fupi na nene. Mkanda wa begani aliushona mwenyewe, jinzi kwa nje, pamba kwa ndani, mishono miwili miwili.

"Suti ya harusi hujawahi kuishughulikia hivi," alisema mumewe.

"Suti ya harusi siigombei na mtu."

Zikabaki nyuzi mpya. Duka la vyombo vya muziki lilikuwa na pakiti moja tu.

"Hizi ni za besi ndefu," alisema muuza duka. "Halafu ni za mwisho, na kuna dada mmoja mrefu aliziulizia. Alisema atapita wiki hii."

Kibiriti hakuhitaji kuuliza dada gani. Ilimjia furaha ndogo, chafu, na hakuifukuza.

"Ndefu hukatwa," alisema. "Nifungie."

Ijumaa alizipima kwa futi, akaongeza kidogo ya kuzungushia kwenye kigingi, akazikata kwa koleo, kisha akazifunga. Ndivyo mshonaji anavyofanya maisha yake yote: pima, kata, ndipo ukunje upindo. Zilipokaa zote nne alizipiga na kutabasamu. Uzi wa nne, ule mnene, uliitika kwa sauti butu kidogo, akasema ni kwa kuwa mpya tu.

Jumamosi saa kumi ukumbi ulikuwa na wanabendi, viti vya plastiki na spika zao. Wifi alikuja na besi yake nyekundu na nyuzi zile zile za siku iliponunuliwa. Kibiriti aliona hivyo, akajifanya hamnazo. Akaomba aanze yeye.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri mno hata mpiga ngoma akainua nyusi. Vidole vilikuwa vinakimbia, bega limelala, na Kibiriti akajiambia, leo nitawaonyesha. Kwenye kiitikio wimbo unashuka mpaka noti ya chini kabisa, nayo inatakiwa ivume na kubaki. Akaigonga. Ukatoka mlio wa kasha tupu. Akaigonga tena. Uzi ukakoroma, kisha ukalegea kabisa, na pale kwenye kigingi waya mwembamba uliouzunguka ukaanza kufumuka kama pindo la nguo.

Bendi ikaacha kupiga. Mwalimu alivua miwani, akaivaa tena.

Wifi ndiye aliyesogea na kuinama. "Uliukata kabla ya kuukunja?" aliuliza kwa upole.

"Kwani?"

"Huu una waya wa ndani na waya uliouzunguka. Unatakiwa uukunje kwanza, wa nje ubanwe, ndipo ukate. Ukiukata umenyooka, wa nje unateleza. Muuza duka alinieleza siku nilipoulizia nyuzi."

Kibiriti alitamani sakafu immeze. Miaka yote anawagombeza wanafunzi wake wa ushonaji juu ya kitambaa kinachofumuka, na sasa amefumukiwa mbele ya watu, na mbele ya yule yule ambaye hakutaka amwone. Zile tatu nyembamba zilikuwa zimemvumilia. Mnene ulikataa.

"Basi," alisema, akianza kuvua mkanda. "Apige yeye."

Lakini wifi alikuwa ameketi chini, besi nyekundu mapajani, anazungusha kigingi. Uzi wake mnene ulilegea, ukatoka.

"Unafanya nini?" alisema Mwalimu. "Zamu yako ndiyo inafuata."

"Wa kwangu unaingia kwake," alijibu wifi. "Wa kwake hauwezi kuingia kwangu."

Akaupima kwenye besi fupi, akaukunja kwa koleo la Kibiriti, kona kali, kisha akakata. Kipande cha inchi kadhaa kilianguka sakafuni kikalia kidogo. Uzi ukishakatwa haurudi kuwa mrefu, kila mmoja mle ndani alilijua hilo, na dukani hakukuwa na mwingine.

"Na wewe utapigia nini?"

"Leo nasikiliza."

Kibiriti alipiga. Alipiga vizuri kuliko siku yoyote ya ile miaka tisa, na kwenye kiitikio noti ya chini ilivuma mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Wakapiga makofi, lakini macho ya wote yalikuwa kwa yule aliyeketi chini na gitaa lenye nyuzi tatu. Hakukuwa na cha kuamua. Mwalimu aliandika jina moja katika daftari lake akafunga. Kibiriti alikuwa amekipata kiti chake, na hatajua kamwe kama angekipata endapo wangeshindana.

Walipokuwa wakikunja waya, alishindwa kuvumilia.

"Wifi, zile nyuzi za mwisho dukani, nilizinunua mimi. Nilijua unazitaka."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilirudi kuziulizia. Muuza duka akaniambia amezichukua mama mmoja mfupi, mkali, ana futi shingoni." Wifi alicheka kidogo. "Nikamwambia, huyo ni mwalimu wangu."

Kibiriti aliinama kufunga mkoba wa besi ambao tayari ulikuwa umefungwa. Wivu aliokuja nao ulikuwa wa vidole, na wa vidole alishautafutia dawa. Huu mpya ulikuwa mbaya zaidi. Alijua kabisa kwamba kama ingekuwa yeye pale sakafuni na koleo mkononi, asingekata.

"Alhamisi uje," alisema hatimaye.

"Nitapigia nini? Yangu ina nyuzi tatu."

"Utapigia hii."

Alisema hivyo akijua vile vidole virefu vitafanya nini kwenye shingo fupi, na ilimuuma palepale pa siku zote. Alimpa wifi mkoba aubebe mpaka nyumbani, na njia nzima hakuacha kuuangalia.