Bomba Lililokatwa Fupi

Gari yangu ilioza kwa mbolea. Watu wakisikia kutu wanafikiria mvua, na mvua ya Kitale kweli haina huruma, lakini ilikuta kazi imeshaanza. Kila msimu wa kupanda, jirani yangu mwenye shamba la juu alikuja kuniomba nimbebee magunia, nami nikajaza buti mpaka kiti cha nyuma. Magunia yakipasuka, zile punje ziliingia chini ya kapeti, zikavuta unyevu, zikakaa huko zikila bati. Yeye akavuna, mimi nikabaki na matundu. Anajua ni yeye, na tukikutana kanisani ananisalimia mbio mbio.

Shemeji yangu, kaka ya mke wangu huko Kabuchai, naye asijifiche. Fundi mmoja wa rangi huko mjini alikuwa ameniambia dawa ya kutu: ukwangue mpaka bati safi lionekane, upige msasa, upake ile rangi nyekundu, halafu lami juu yake, na penye tundu uchomelee bati jipya. Shemeji alicheka.

"Hiyo ni kazi ya watu hawana shughuli, bana. Paka oili chafu. Gari ya Mjapani haiozi."

Nilimsikiliza kwa sababu alisema nilichotaka kusikia. Nikalala chini ya gari na brashi, nikapaka oili nyeusi ya injini juu ya kutu, juu ya matope, juu ya kila kitu. Ikang'aa. Tundu la chini ya kiti cha nyuma nililiziba kwa gunia, nikarudisha kapeti.

Halafu salensa ikaanguka barabarani, gari ikawa inanguruma kama trekta. Fundi mmoja wa jua kali akanitafutia bomba la moshi lililotoka kwa gari nyingine. Halikutosha. Bomba linatakiwa kupita juu ya ekseli ya nyuma na kutokea nje kabisa, chini ya bampa. Lile liliishia kabla ya ekseli, pale chini ya kiti cha nyuma.

"Mbona fupi?" nikamuuliza.

"Mzee, si ulitaka kelele iishe? Imeisha. Moshi utajua pa kwenda."

Nikamwambia iko sawa, tukacheka wote wawili. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu kutibiwa macho, na siku hiyo tulikuwa tunamrudisha Kabuchai. Sasa, watu wetu walihamia Trans-Nzoia kutoka kati ya nchi, na kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mkono. Kwa Wabukusu, watu wa mke wangu, hapana. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai pamoja, hawali pamoja, hata kuangaliana usoni ni shida. Nilijifunza hayo nilipooa, na nikajivunia kuyashika kuliko wenyewe. Kwa hivyo mama alikaa nyuma, kwenye kona ya mbali na mimi, na kile kioo cha ndani nilikigeuza kikaangalia paa, nisije nikamwona. Maneno yetu yalipitia kwa mke wangu, aliyekaa mbele kando yangu.

Mvua ilitupata baada ya Kiminini. Tukafunga madirisha. Langu halikupanda mpaka juu kwa sababu mlango ulikuwa umeoza kwa ndani, na maji yakawa yananipiga shavu. Niliulaani ule mlango njia nzima. Leo najua ndio ulioniponya.

"Mwambie mwenye gari kuna harufu huku," mama akasema.

"Anasema kuna harufu."

"Mwambie ni oili ya kuzuia kutu. Nilipaka juzi. Itaisha."

"Ati ni oili, mama. Itaisha."

"Haya. Kama ni oili."

Hakusema tena. Angebishana vipi na mkwe wake ndani ya gari ya mkwe? Mke wangu akasema kichwa kinamgonga, akafumba macho. Mimi nikafurahia kimya, nikaendesha.

Tulipopita Kamukuywa mke wangu alishtuka, akaniambia nisimame. Alifungua mlango akaanguka kwa magoti kwenye nyasi, akatapika. Akamwita mama yake. Mama hakuitika. Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikamkuta ameegemea dirisha, mdomo wazi, leso imemtoka kichwani. Alikuwa anapumua kidogo sana.

Hapa sina wa kumsingizia. Mke wangu hakuwa na nguvu hata ya kusimama. Mimi nilikuwa mzima, na mikono ninayo, na sikumgusa. Nilisimama kwenye mvua nimeshika mlango, nikawaita wanawake waliojikinga kwenye baraza la duka ng'ambo ya barabara. Wao walidhani naomba kusukumiwa gari. Nikapiga kelele kwamba ni mama mkwe wangu, nikawangoja, nikitazama pembeni kwa heshima. Na injini sikuizima. Jirani hakuwa pale, fundi hakuwa pale. Ni mimi niliyeiacha ikiunguruma, moshi ukizidi kumwingia.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja mnene, kajifunika nailoni kichwani. Alimwangalia mama, akaniangalia mimi.

"Unangoja nini wewe?"

"Ni mama mkwe," nikasema.

"Hata mimi ni Mbukusu, mwanaume! Utamshika akishakufa? Ingiza mikono hapo, mjinga wewe!"

Nikaingiza. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tukamlaza barazani kwenye hewa, na mwenye duka akatukimbiza hospitali Bungoma kwa pikapu yake. Daktari aliuliza alikuwa wapi, nikamwambia kwa gari, kuna harufu ya oili.

"Oili haimlazi mtu hivi," akasema. "Bomba la moshi linaishia wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono, hapa chini ya kiti. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba sumu ya moshi yenyewe haina harufu, akaenda kuhakikisha mama amewekewa hewa. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Fundi nilimfuata baadaye, nikiwa tayari kupigana. "Mzee," akasema, "si wewe mwenyewe ulisema iko sawa?" Na kweli nilisema. Shemeji naye anasema ushauri ni ushauri, hakunishikia brashi. Sasa bomba linatokea nje ya bampa, sakafu ina bati jipya, na chini nimekwangua mwenyewe mpaka vidole vikatoka damu, nikapaka nyekundu, nikapaka lami. Gari ni nzima. Mke wangu hapandi.

Mama alipona, ndivyo wanavyosema. Anatembea, anapalilia sukuma yake. Lakini vitu vimemtoka akilini. Mara ya mwisho nilipoenda Kabuchai alikuwa nje na mke wangu na shemeji, wanapukuchua mahindi. Nikasimama mbali kama kawaida, macho chini. Yeye akapigapiga benchi kando yake.

"Kuja ukae hapa, kijana. Unasimama kama mgeni kwa nini?"

Shemeji aliinuka akaondoka. Nikakaa. Mama akachukua mkono wangu, akausugua, akasema una baridi, akanimegea hindi la kuchoma alilokuwa anakula. Nikala. Akamgeukia mke wangu, amefurahi kabisa.

"Huyu ana adabu. Ni mtoto wa nani?"

Mke wangu aliendelea kupukuchua.

"Ni wako, mama," nikasema.