Fundi na Sauti Iliyokwenda Kundini

Fundi alikuwa na pini mdomoni na pindo la sketi mkononi siku alipoisikia sauti yake mwenyewe ikipigiwa ngoma.

Alikuwa amepiga magoti kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, pale pale anapoweka cherehani yake miaka yote, akimrekebishia sare msichana mmoja wa shule. Mara simu ya yule msichana ikalia ndani ya mkoba. Haikulia kama simu za watu. Ilipiga du-du-ka, du-du-ka, kisha mwanamke akasema kwa kubembeleza: "Mwalimu wangu, huyu ndiye macho yangu." Du-du-ka. "Macho yangu, macho yangu, macho yangu."

Msichana aliurukia mkoba kama umeshika moto.

Fundi akazitema pini kiganjani. "Hiyo ni nini?"

"Mlio tu, mama."

"Mlio gani wenye sauti yangu?"

"Si mimi niliyeutengeneza. Shikamoo," alisema msichana, salamu ambayo hakuitoa alipofika.

Huyu mama alikuwa na ulimi mchungu, na hakuzaliwa nao. Shule aliishia kuisikia kwa kaka zake: wao walibeba madaftari, yeye akabeba maji. Akaolewa na mwanamume aliyemwambia kwamba kusoma si kitu, mikono yake ya kazi inatosha. Mwanamume huyo huyo akaondoka akisema amechoka kumsomea mtu mzima risiti. Akamwachia cherehani yenye kanyagio lililopinda na mtoto wa kike. Kanyagio alilinyoosha. Mtoto alimlea peke yake, na huyo ndiye aliyekuja kumsomea vipimo vya wateja, matangazo ya shule, hata maandishi kwenye chupa za dawa.

Sasa binti huyo alikuwa ameharibika, au ndivyo Fundi alivyodhani. Zamani alisoma kwa sauti darasani mpaka walimu wakawa wanamtuma akawasomee wadogo. Muhula huu karatasi zake zilirudi tupu. Akiitwa asome mbele ya wenzake, anakaa kimya kama aliyemeza ulimi. Mwalimu alikwisha kutoa habari: Ijumaa ni jaribio la mwisho la kusoma, na asiposoma anarudia darasa.

Fundi alikuwa amefoka, amebembeleza, amefoka tena.

"Una nini wewe? Kuna mvulana?"

"Hakuna kitu, mama."

Hakuna kitu, hakuna kitu, mpaka Fundi akatamani kuyashona maneno hayo yasitoke tena.

Basi pale kibarazani ndipo alipoelewa. Mwanzoni mwa muhula alimrekodia mwalimu wa darasa ujumbe wa sauti, binti asijue. Alimweleza kwamba yeye hajui kusoma, mume kamkimbia, tafadhali amweke mtoto dawati la mbele kwa sababu huyu ndiye macho yake. Simu yake Fundi aliijua kwa picha. Mwenye kofia ni muuza vitambaa, mwenye maua ni dada yake, mwenye shati la bluu mbele ya ubao ni mwalimu. Asichojua, mpaka msichana alipomweleza, ni kwamba mwalimu alikuwa ameiweka picha hiyo hiyo kwenye kundi la wazazi wa darasa zima. Fundi akabonyeza shati la bluu. Lilikuwa kundi.

Wazazi walisikia, wakajifanya hawakusikia. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mama, futa hiyo." Lakini watoto wanaochezea simu za wazazi wao waliichukua, wakaikata, wakaitia ngoma, ikazunguka.

Aliiacha sketi na pini zake, akaenda shuleni na utepe wa kupimia ukining'inia kifuani.

Mwalimu mkuu alikuwa mpole, upole wa mtu asiyetaka kuinuka kitini.

"Mama, simu ni marufuku hapa. Kwa hiyo jambo hili halikutokea shuleni."

"Limetokea wapi, hewani?"

"Ndiyo hivyo. Mitandaoni."

"Mbona karatasi tupu zinatoka darasani?"

Akaitwa mwalimu wa darasa. Shati lilikuwa jingine, lakini ni yeye.

"Mimi sijasikia sauti yoyote," alisema. "Akisimama, wenzake hugonga madawati kidogo. Watoto hugonga madawati, mama."

"Wanagongaje?"

Mwalimu akagonga meza kwa vidole, bila kufikiri. Du-du-ka, du-du-ka.

"Ndiyo hiyo!" Fundi alisema. "Unaisikia kila siku, halafu unamwandikia sifuri mwanangu!"

"Tuelewane, mama. Ujumbe uliutuma mwenyewe kundini."

Hilo lilimchoma Fundi kuliko yote, akatoka.

Nyumbani alimkuta binti akifumua shati kuukuu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba wanakucheka?"

"Wanicheke mimi, ufeli wewe? Unanionea aibu?"

"Sikuonei aibu." Binti hakuinua macho. "Nikisimama wanakugonga kwenye madawati. Nikikaa, wanaacha. Basi nikawa nakaa."

Fundi alitaka kumkumbatia, alitaka pia kumzaba kibao. Hakufanya lolote. Alikanyaga cherehani isiyo na nguo, ikakimbia bure kwa kelele.

"Ijumaa utasoma," alisema mwishowe.

"Sitaweza."

"Waache wanigonge. Nimegongwa na watu wazima, sembuse madawati."

Ijumaa akabeba kigoda na ile sketi, akakaa chini ya dirisha la darasa. Mlinzi wa geti akamfuata mbio.

"Mama, huruhusiwi kukaa hapa."

"Niandikie barua ya kunifukuza, nikamtafute wa kunisomea."

Mlinzi akakuna kichwa, akarudi getini.

Ndani, binti akaitwa. Kiti kikakwaruza sakafu. Kisha, kutoka nyuma: du-du-ka, du-du-ka. Kicheko cha puani kikafuata.

Fundi akasimama dirishani, sketi mkononi. Wa karibu walimwona kwanza, wakaficha mikono. Wa nyuma waliendelea kidogo, ngoma ikachechemea.

"Nani anagonga?" mwalimu akauliza. Swali la muhula mzima, limekuja leo.

Binti akaanza kusoma. Sauti ilikuwa nyembamba, inakatika. Katikati, mtu mmoja akagonga tena, mara moja tu. Binti akanyamaza, na Fundi akashika nondo za dirisha kwa nguvu mpaka viganja vikauma. Kisha binti akaurudia mstari ule ule tangu mwanzo, akaenda nao mpaka mwisho wa ukurasa, akaketi.

Mwalimu alikuja dirishani kama mtu aliyeleta zawadi. "Amepita, mama. Kwa shida, lakini amepita."

"Shida hiyo si yake," Fundi alisema. "Na kwenye simu za watu nani ataitoa sauti yangu?"

Mwalimu akatazama saa yake.

Jioni yule msichana wa shule alikuja kuchukua sketi. Safari hii salamu ilitangulia, na simu aliishika mkononi, wazi.

"Nimebadilisha mlio, mama."

"Na wenzako?"

Msichana akaangalia viatu vyake. Nyuma ya cherehani binti alikuwa anasoma kwa sauti vipimo vya mteja mwingine, kiuno, urefu, nyonga, na hakuacha kusoma.

Fundi akaikunja sketi vizuri, akampa.

"Pindo nimemaliza," alisema. "Na pini nimezitoa zote. Nadhani."