Bwana Dirisha

Nyamizi hakusomea utunzi, na ukimwita mtunzi atacheka mpaka ashike mbavu. Yeye ni mke wa Shadrack, kijijini huku jirani na Ubaruku: anapanda mpunga, anapalilia mpunga, anaota mpunga. Lakini kwa miezi miwili, kila siku saa kumi alasiri, marudio ya tamthilia yalipoanza, alitunga, na hakuna aliyejua.

Ilianza hivi. Mama mkwe wake, Minza, alihamia Usangu kutoka Usukumani akiwa mtu mzima, akimfuata mume na ng'ombe, na Kiswahili kikagoma kumwingia. Cha sokoni anacho, "shilingi ngapi" na "punguza," basi. Umeme ulipofika, Shadrack akanunua televisheni na king'amuzi, na bibi akanasa kwenye tamthilia moja ya nchi za mbali iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nyamizi akakalishwa pembeni yake mkekani, kazi yake kugeuza kila neno liwe Kisukuma.

Na bibi yule, jamani, hakuwa mtazamaji wa kukaa kimya! Majina ya kigeni aliyakataa, akawabatiza watu wote upya. Mke kijana akawa Mwali wa Ngazi, kwa kuwa kila akitaka kulia anakwenda kulilia kwenye ngazi. Mume wake akawa Bwana Dirisha, maana mkewe akitukanwa yeye hugeuka akatazama nje.

"Hivi huyu haandikiwi maneno?" alifoka Minza. "Mke anatukanwa mbele yake, yeye dirishani! Huko nje kuna nini, ng'ombe wake amepotea? Mwandishi amemsahau huyu. Mwanaume anayenyamaza hivyo ana kitu tumboni. Basi mwandishi atuambie ni kitu gani, asituachie mtu kama gogo."

Nyamizi alitafsiri, akacheka naye, maisha yakaenda. Kisha siku moja mama mkwe wa Mwali wa Ngazi, yule wa kwenye kioo cha televisheni, akasimama katikati ya sebule yake ya marumaru, akamnyooshea Mwali kidole, akasema: "Tasa! Utatoka humu ndani."

Neno hilo Nyamizi hakulitafsiri.

Miaka sita ya ndoa, na yeye mwenyewe hakuwa na mtoto. Neno lile lilikuwa likizunguka kwenye boma lao bila kutajwa. Baba mdogo Saulo, msemaji wa ukoo, alikuwa ameanza kuulizia kikao cha kumrudisha Nyamizi kwao ili Shadrack aoe mwingine. Minza alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana. Sasa yeye Nyamizi, kwa mdomo wake mwenyewe, amfundishe namna ya kusema?

"Amesema nini?" Minza akauliza.

"Amesema... mkwe wake amechoka, apumzike."

Kwenye kioo, mama yule akamzaba Mwali kofi.

"Mh! Kupumzika gani huko kwa kofi?"

Ndivyo uongo ulivyoanza, na uongo wa tamthilia hauna tofauti na uongo mwingine, unataka kulishwa kila siku. Ubaya ni kwamba Nyamizi alimtungia mtu asiyedanganyika ovyo. Akimfanya mama wa kwenye kioo kuwa mwema ghafla, Minza anang'aka: "Jana kofi, leo uji? Mtu habadiliki hivyo! Mwandishi huyu ana haraka, anapika wali kwa moto wa mabua. Anibadilishie mtu polepole, nione kilichomgusa." Nyamizi anarudi shambani, anang'oa magugu huku akitafuta kilichomgusa. Alikonda. Usiku alishtuka akidhani amelitamka lile neno ndotoni.

Mwisho akaishiwa, na mtu aliyeishiwa huchota pale palipo karibu.

"Mayu," akamwambia mama mkwe wake siku moja, Mwali akiwa analia ngazini, "huyu mke na mume walishakwenda hospitali. Wakapimwa. Mwenye tatizo ni mume. Amemwapisha mke asiseme."

Minza akashusha kikombe cha chai. Akakitazama kioo muda mrefu, Bwana Dirisha akiwa pale pale dirishani.

"Aa," akasema. "Sasa mwandishi amepata akili. Ndiyo maana mume haongei." Kisha, kwa kuwa ni Minza: "Na karatasi ya hospitali? Karatasi haitupwi. Ameificha wapi?"

Hapo Nyamizi alitakiwa kusema kabatini, au chini ya godoro, au popote duniani. Lakini aliogopa kusitasita, na kichwani alikuwa na mahali pamoja tu.

"Kwenye koti lake la harusi. Ndani, kwenye bitana."

Alivyomaliza kusema, akajua amejifunga mwenyewe. Koti la harusi la Shadrack, la kijivu, lilikuwa limetundikwa kwenye msumari chumbani kwao, hatua nane kutoka pale mkekani. Miaka mitatu nyuma walikuwa wametoka hospitali Mbeya mjini, na Shadrack alimwambia hivi, bila hata kupandisha sauti: "Hili likitoka, limetoka kwako. Siku hiyo utafute pa kwenda." Nyamizi akainua uso kumtazama mama mkwe wake. Bibi alikuwa anakunywa chai.

Wiki ile ile Saulo akaleta siku: kikao ni Jumamosi. Shadrack aliambiwa mbele ya mkewe. Akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kutia mafuta kwenye pawatila yake, kile kitrekta cha kulimia majaruba.

Alhamisi akafika Pendo, wifi yake Nyamizi, mwenye duka la vitenge Uyole, kuja kusaidia mapishi ya kikao. Kisukuma anakijua, Kiswahili anakila. Saa kumi ilipogonga, akajitupa mkekani na kusema, "Haya, washeni, hii na mimi naifuatilia!"

Nyamizi akainuka upesi. Akasema anakwenda kuteka maji. "Kaa," Minza akamwambia, "nani atanitafsiria?"

Kwenye kioo, Mwali wa Ngazi alikuwa anashuka na sanduku. Mama wa nyumba anapiga kelele. Nyamizi akafungua mdomo, lakini Pendo akamtangulia.

"Wanamfukuza," Pendo akasema, akitafuna karanga. "Si tasa?"

"Tasa ni mume," Minza akasema.

"Mume? Mama, nani kakwambia? Tangu mwanzo wanasema ni mke."

"Hawakwenda hospitali?"

"Hospitali gani?"

"Karatasi je? Ile ya kwenye koti?"

"Koti!" Pendo akacheka. "Mama, hakuna karatasi wala koti kwenye hii tamthilia."

Minza hakucheka. Akamgeukia Nyamizi, naye Nyamizi akaangalia chini, machozi yakimdondokea kwenye kanga. Amekwisha, alijua amekwisha. Hata Jumamosi haitafika.

Bibi akashika fimbo yake, akasimama kwa shida, akaenda. Walimsikia akihesabu njia kwa fimbo, wakasikia mlango wa chumba. Akarudi na koti la kijivu mkononi, akaketi, akalilaza magotini, akapapasa bitana mpaka kidole kikaingia kwenye mshono uliofumuka.

"Mwandishi mwongo nilimjua mapema," alisema, kama anazungumza na koti. "Mama mkwe mwenye kofi jana na uji leo! Lakini koti lilinikosesha usingizi. Machozi mtu anaweza kutunga. Koti hatungi." Akampa Pendo karatasi. "Soma."

Pendo aliacha kutafuna. "Mengi ni Kiingereza, mama. Jina ni la kaka. Na hapa wameandika sifuri."

"Sifuri ya nini?"

Pendo akaikunja karatasi. "Ya mbegu."

Kwenye kioo Mwali alikuwa ameshafika barabarani, hakuna aliyemtazama. Nje pawatila ikasikika ikikata kona ya boma, ikakohoa, ikazimwa. Nyamizi akainuka kukimbia, popote, mashambani, na mkono wa bibi ukamkamata kanga.

"Kaa hapa karibu yangu."

Shadrack akaingia na matope mpaka magotini. Akamwona dada yake na karatasi, akaliona koti magotini kwa mama yake, akamwona mkewe. Akageuza uso, akatazama dirishani.

"Huko nje hakuna ng'ombe aliyepotea, mwanangu," Minza akasema. "Sema."