Dola Zilizofukizwa Udi

Shemeji yangu Abdulaziz, wa hapa Bodo, alijiona gavana wa Benki Kuu. Alihudumu mezani hotelini Diani miaka mingi, na kila bahashishi ya dola aliyopewa na wageni aliitia kwenye sanduku la harusi la mkewe, dada yangu Esha, baina ya kanga zilizofukizwa udi na kupakwa mafuta ya haludi. Ati pesa nayo yataka kunukia.

Esha ni mchuuzi wa samaki. Alitaka friza, maana nusu ya samaki wake walikuwa wakiishia kwa paka. Akaenda benki Ukunda kuomba mkopo. Afisa wa mikopo akamwambia, "Mama, akiba ya dola ya Benki Kuu imepungua. Shilingi imeanguka, vitu vya nje vimepanda bei, na riba imepanda. Wakati huu sisi twaikopesha serikali." Bila shaka. Serikali hainuki samaki.

Akarudi kwa mumewe. "Baba Ummi, nibadilishie dola chache ninunue friza."

"Akiba haiguswi," akajibu gavana. "Dola iko mia moja na sitini. Ikifika mia mbili tutazungumza."

Samaki wakaendelea kuoza, naye akaendelea kusikiliza redio. Nilimchukia, nisiseme uongo.

Mara serikali ikapata mkopo wa nje, wasiwasi wa dola ukaisha, shilingi ikapata nguvu. Dola ikashuka hadi mia moja na thelathini. Shemeji akazitia dola zake kwenye bahasha, akakurupuka nazo hadi duka la kubadilisha fedha. Binti wa dirishani akazinusa zile noti, akaziinua kwenye mwanga. Haludi ilikuwa imezitia madoa kama karatasi ya kufungia bajia.

"Hizi hatuchukui, mzee."

Akajaribu maduka mengine mawili, wakamrudisha vivyo hivyo.

Baadaye akiba ya nchi ilijaa, riba ikaanza kushuka, na benki ikakumbuka kuwa wachuuzi nao ni watu. Esha akapewa mkopo, akanunua friza yake. Sasa samaki wake hufika Ukunda wakiwa wabichi.

Juzi nilikuwapo Abdulaziz aliporudi kutoka msikitini adhuhuri, jasho likimtiririka.

"Mama Ummi, nipatie kipande cha barafu."

Esha alikuwa amekalia friza, akijipepea kwa ukingo wa kanga. Hakuinuka.

"Akiba haiguswi," akasema. "Joto likifika mia mbili tutazungumza."

Shemeji akaenda kunywa maji ya mtungi.